Madebe Manne na Robo

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi, na natanguliza jambo hilo ili msomaji asije akadhani kwamba haya nitakayoyasimulia yalimpata mtu asiyejua vipimo. Kwa miaka kumi na minne nimewafundisha watoto wa watu kutafuta ujazo wa mche duara, kubadili lita kuwa mililita, na kusoma swali mara mbili kabla ya kulijibu. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda mwenyewe siku niliyokwenda kununua begi la kupandia Mlima Meru.

Safari iliandaliwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni milimani, na ambaye aliona ni aibu kwa ukoo mzima kwamba nimezaliwa Arusha, nimeutazama Meru kila asubuhi nikipiga mswaki, na sijawahi kuukanyaga. Tulikuwa watu watano, na mpango ulikuwa wa siku nne: usiku wa kwanza tulale Miriakamba, wa pili Saddle, kisha tupande kileleni usiku wa manane na kuteremka kulala Miriakamba tena. Kwa kuwa vibanda vya huko vina vitanda na magodoro, hakukuwa na hema la kubeba, na shemeji alisema begi la lita 45 hadi 50 lingetosha kabisa, akajitolea kuniazima la kwake. Wenzangu walikubaliana kukodi wapagazi, wale ambao Arusha na Moshi tunawaita wagumu. Mimi nilikataa vyote viwili. Mgumu wa nini, nami nina mgongo? Na kuhusu begi la kuazima, nilimjibu shemeji kwa maneno ya wahenga kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, bila kujua kwamba methali hiyo ingenirudia baada ya siku tisa, tena mahali pale pale ilipopataja.

Nililipata begi langu mnadani, kwenye meza ya mitumba, likiwa limetundikwa juu kabisa kati ya makoti ya baridi. Lilikuwa la kijani, lenye mikanda mingi kuliko punda wa kukokota mkokoteni, na upande wa mbele palikuwa pameshonwa namba 75+10. Pembeni, karibu na mikanda ya mabegani, palikuwa na herufi moja kubwa iliyojitenga: L. Hesabu ya namna hiyo huwa siwezi kuipita bila kuijibu, kwa hiyo nilijumlisha papo hapo, nikapata 85, nikaiunganisha na ile herufi, nikapata lita 85. Muuzaji aliyekuwa akitaka elfu sitini alishuka hadi elfu arobaini na tano, akanihakikishia kwamba mtu akinunua begi kama hilo amenunua nyumba.

Shemeji alipoliona alilizunguka mara moja kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Shemeji," alisema, "debe moja ni lita 20. Hapa una madebe manne na robo. Unahama?"

Nilimwambia kwamba nafasi ikizidi si kosa, mtu anaweza kuiacha. Kwa mdomo ni rahisi. Ubaya wa begi kubwa, kama nilivyokuja kugundua usiku wa kupanga mizigo, ni kwamba halikubali kukaa nusu. Ukiliacha nusu linajikunja na kuinama kama mgeni aliyenyimwa chakula, nawe unaona huruma unatafuta cha kuongeza. Nilianza na mfuko wa kulalia, sweta mbili na koti la mvua, vitu vya maana vyote, navyo vikapotelea chini kama vile vimedondoshwa kisimani. Nikaongeza lile blanketi letu zito lenye picha ya simba. Nikaongeza chupa ya chai ya lita mbili, sufuria na mfuniko wake, na kilo tatu za mchele, ingawa nilikwisha kuambiwa kwamba tutakuwa na mpishi, kwa hoja kwamba mpishi naye ni binadamu na anaweza kuugua. Nikaongeza viatu vyeusi vya ngozi kwa ajili ya picha ya kileleni. Nikaongeza mwavuli. Nafasi ilikuwa bado ipo, nikakumbuka mitihani 92 ya darasa la sita niliyopaswa kuirudisha ikiwa imesahihishwa shule zitakapofunguliwa, nikaifunga kwa kamba ya katani na kuiweka juu kabisa ili niifikie kwa urahisi, pamoja na rula na kalamu nyekundu. Maji, lita nne, yalikaa juu ya mitihani.

Mke wangu alikuwa akinitazama kutoka mlangoni. Mwisho alikwenda chumbani, akarudi na begi la shule la binti yetu wa darasa la pili, la rangi ya waridi, lenye picha ya paka anayecheka, akiwa ametia humo sabuni, taulo na nguo zangu za ndani ili visipotee katika lile handaki. Nalo likaingia zima zima. Kulikuwa na mikanda miwili miembamba kila ubavu iliyokuwa ikining'inia bila adabu na bila kazi niliyoweza kuiona, nikaikata kwa mkasi.

"Baba watoto," mke wangu aliuliza, "hilo utalibeba wewe, au ndilo litakalokubeba?"

Katika geti la Momella, ambalo liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, tulikabidhiwa kwa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa mlima huo haupandwi bila askari kutokana na nyati na tembo wanaoishi chini yake. Shemeji na jirani mmoja ndio waliokuwa wamenipandishia begi garini. Pale getini nilipandishiwa mgongoni na watu wawili nisiowafahamu. Tulivuka daraja la mto Ngare Nanyuki, tukaingia kwenye uwanda wa nyasi, na kabla ya dakika kumi kupita nilikuwa nimekwisha kuielewa ile methali.

Mkanda mpana wa kiunoni, ambao kazi yake ni kuutoa uzito mabegani na kuukalisha juu ya mifupa ya nyonga, kwangu ulikuwa umekaa chini ya makalio, ukiyapiga kwa kila hatua kama mama anayembembeleza mtoto alale. Nikiubana, unaninyima hatua. Nikiulegeza, kilo zote zinahamia mabegani. Na kwa kuwa begi lilikuwa refu kuliko mgongo wangu, kile kifuniko chake cha juu, chenye maji na mitihani, kilinikaa kisogoni na kunisukuma kichwa mbele, nikawa natembea nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Kwa saa mbili za kwanza nilichokiona katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni visigino vya askari. Wenzangu walisimama na kuanza kunong'ona kwa furaha kwamba kuna twiga wanne karibu kabisa na njia. Nilithibitisha idadi hiyo kwa kuhesabu kwato, nikapata 16, nikagawa kwa nne.

Muda mfupi baadaye askari aliinua mkono. Mbele yetu, upande wa kulia, nyati dume alikuwa amesimama peke yake nyuma ya kichaka, na nyati wa namna hiyo, aliyejitenga na kundi, ndiye anayeogopwa kuliko wote. Askari akatuashiria tuchuchumae polepole na tusifanye kelele. Wenzangu wakachuchumaa. Nami nikachuchumaa, lakini begi halikuchuchumaa. Lilibaki na nia yake ya kwenda nyuma, na kwa kuwa uzito wote niliuweka juu, lilinivuta taratibu, kwa heshima, mpaka nikalala chali juu yake, miguu na mikono ikiwa hewani kama kobe aliyepinduliwa na watoto watundu. Ndani ya begi mfuniko wa sufuria ulitoka mahali pake ukaipiga chupa ya chai, na mlio wake ulikuwa ule ule wa kengele ya kuita wanafunzi mstarini.

Nyati aligeuka. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu getini, nilikuwa nimeangalia juu, na naweza kushuhudia kwamba anga ya Momella ni nzuri sana. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Nyati alitutazama, na wenzangu wanaapa kwamba alinitazama mimi zaidi. Kisha akapumua kwa nguvu, akageuka na kuondoka zake bila haraka.

"Mwalimu," askari alisema akiwa amenishika mkono mmoja na shemeji mwingine, "nimekaa huku muda mrefu. Sijawahi kuona nyati anamhurumia mtu."

Baadaye tulipita chini ya lile tao maarufu la mtini ambalo tembo anaweza kupenya. Mimi niliona mizizi.

Tulifika Miriakamba jioni, mita 2,500 na kitu, saa mbili nyuma ya muda uliotarajiwa. Mmoja wa wagumu, kijana aliyekuwa amebeba mzigo wa mwenzangu kichwani na begi lake dogo mgongoni, na ambaye alikwisha kufika, kula na kupumzika, alinisogelea kwa adabu.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani, naomba ugeuke uniinamie kidogo."

Niligeuka. Aliweka kidole kwenye kile kifupa kinachojitokeza mwisho wa shingo mtu anapoinama, kisha akaweka viganja vyake juu ya nyonga zangu, vidole gumba vikielekea uti wa mgongo. Akaomba kamba, nikampa ile ya kufungia mitihani. Akapima kutoka kifupani hadi mahali gumba zilipokutana, akailaza kamba juu ya rula yangu mara mbili, akasoma: sentimita 43. Akapima sehemu hiyo hiyo kwenye begi, kutoka mabegani hadi mkandani: sentimita 53.

"Mwalimu, hili ni la mtu mrefu. Si umeona wameandika L?"

"Hiyo ni lita," nilisema.

Kijana alinyamaza. Wagumu wengine walinyamaza pia, na ukimya wenyewe ulikuwa wa watu waliolelewa vizuri. Shemeji ndiye aliyenieleza, huku akiangalia pembeni, kwamba lita huandikwa kwa namba zile za mbele, kwamba ile 10 ni nafasi ya ziada inayopatikana begi linapovutwa shingo juu, na kwamba herufi iliyokaa peke yake ni urefu wa mgongo, S kwa mfupi, M kwa wa kati, L kwa mrefu. Mtu anaweza kuchagua lita sahihi kabisa na bado akakosea mgongo. Mimi nilifaulu kukosea vyote. Nakiri kwamba usiku ule, niliposahihisha mitihani kwa mwanga wa tochi, nilimfutia mwanafunzi mmoja alama kwa kusahau kuandika kipimo, nikatafakari, nikamrudishia.

Kisha begi likatundikwa kwenye mizani ndogo ya ndoano ya shemeji: kilo 24, baada ya mimi kunywa lita mbili za maji. Mimi nina kilo 58. Shemeji alisema huwaambia wageni wake wasizidi moja ya tano ya uzito wao, ambayo kwangu ni kilo 11 na kidogo. Yule kijana akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaka kufariji, kwamba kule Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa getini na mwisho wake ni kilo 20, kwa hiyo hata yeye asingeruhusiwa kupita na mzigo wangu. Vitu vilipotolewa kimoja kimoja na kupangwa mezani, watu walitoka vibanda vingine kuja kutazama. Mpishi, ambaye alikuwa mzima wa afya, aliupokea mchele kwa shukrani. Viatu vya ngozi vilipita mkono kwa mkono.

Siku ya pili niliacha nusu ya mali yangu Miriakamba, nikadhani mateso yamekwisha. Kumbe begi kubwa lisilojaa lina ukorofi wake. Vitu vilikuwa vikitembea ndani kwa uhuru: nikienda kulia, mzigo unakwenda kushoto, nikisimama, wenyewe unaendelea hatua moja. Karibu na Topela Mbogo shemeji aliniambia nivute ile mikanda ya ubavuni ili begi libanwe na kutulia.

"Ipi?" niliuliza.

"Ile miwili miwili kila upande."

Nilimwambia ilipo. Alikwenda mbele, akakaa juu ya jiwe, akacheka mpaka akashika magoti. Alinikuta tena mahali paitwapo Mgongo wa Tembo akiwa bado anafuta macho.

Saddle iko mita 3,570 hivi, na kutoka hapo hadi kileleni mtu huhitaji maji, koti, glavu na kitu cha kutafuna, basi. Saa nane usiku, wakati wenzangu wakifunga vibegi vyao vidogo, ilibainika kwamba katika mali yangu yote kulikuwa na begi moja tu la kufaa kazi hiyo. Nilitoa sabuni na taulo, nikalegeza mikanda mpaka mwisho, nikalivaa. Liliishia katikati ya mabega kama kunguru aliyetua, lakini halikuyumba, halikunipiga popote, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nilitembea nikiwa nimeinua kichwa. Jua lilichomoza nyuma ya Kilimanjaro sisi tukiwa kwenye mawe ya mwisho. Picha ipo: mita 4,566, mwalimu, na paka wa waridi anayechungulia begani akicheka. Binti yangu alipoionyeshwa aliuliza swali moja tu, kama paka alisikia baridi.

Lile la kijani liko jikoni. Mwezi wa nane mke wangu alileta mahindi kutoka kwa mama yake na hakukuwa na gunia, akalisimamisha kwenye kona na kuanza kumimina kwa debe huku nikihesabu. Manne yaliingia bila shida. La tano lilipofika robo, mahindi yakagusa ukingo. Tangu siku hiyo hakuna aliyejaribu kulinyanyua.