Tundu la Feni Huharibika Kabla Drili Haijawashwa

Bati la kasha la kompyuta kwa kawaida lina unene wa milimita 0.6 hadi 0.8. Wengi wakikata humo tundu la feni likatoka na kingo zilizochanika wanailaumu drili, wakati kosa ni kwamba bati halikuwa na kitu cha kuegemea. Hata wembe wa msumeno wenye meno 32 kwa inchi huingiza jino moja tu ndani ya chuma chembamba namna hiyo. Jino hilo linanasa, bati linapanda na kushuka, na ukingo unachanika badala ya kukatika. Kwa maoni yangu, kipande cha plaiwudi kilichobanwa kwa jiriwa chini ya bati kina faida kuliko mashine yoyote ya bei. Kama nafasi ipo, weka kingine juu, ukate vyote pamoja.

Kwanza kabisa, toa kila kitu ndani ya kasha. Kufunika ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) kwa nailoni ni kujidanganya: chembe za chuma hupitisha umeme na hupenya popote, na sumaku ya mota ya feni huzivuta.

Feni ya milimita 120 ina skrubu zilizoachana milimita 105, katikati hadi katikati. Ya 80 ni 71.5, ya 140 ni 124.5. Bandika tepu ya karatasi juu ya rangi, chora mraba wa 105, kisha unganisha pembe kwa mistari miwili. Inapokutana ndipo pa kusimamisha bikari. Duara la kipenyo cha 114 linatosha. Kabla ya hapo hakikisha unene wa feni, milimita 25, haugongi kitu upande wa ndani.

Toboa matundu ya skrubu kwanza, kwa biti (ncha ya drili) ya milimita 4.5, bati likiwa bado gumu. Piga alama kwa panchi, yaani chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo, la sivyo biti itateleza na kukwaruza rangi.

Kuna wanaoapa kwa ule msumeno wenye umbo la kikombe. Kwa feni ya 80, sawa. Kwa 114 ukiwa na drili ya mkononi, mimi siupendi. Ukizunguka mara 300 kwa dakika, meno yake yanapita juu ya chuma zaidi ya mita 100 kwa dakika, wakati chuma laini kinataka takriban 30. Meno yanaungua, na likinasa moja, drili inakupinda kifundo cha mkono. Drili ya kusimama mezani inayoweza kwenda chini ya mizunguko 100, pamoja na tone la mafuta, ni habari nyingine.

Afadhali jigsoo, yaani msumeno wa umeme wenye wembe mwembamba unaopanda na kushuka. Toboa tundu la milimita 10 ndani ya duara, ingiza wembe wa chuma, na ukate ukibaki milimita moja ndani ya mstari. Meno yake hukata yanapopanda, kwa hiyo upande wenye rangi uelekee chini, na duara ulichore upya juu, ukipata katikati kwa matundu ya skrubu. Mwendo uwe wa wastani. Ukisukuma, wembe unapinda na duara linakuwa yai. Milimita iliyobaki ni ya tupa ya nusu duara, ambayo husukumwa kutoka upande wa rangi kuingia ndani. Ukiivuta kinyume, rangi inabanduka. Msasa wa namba 240 humaliza makali.

Miwani ya kinga ni lazima. Glavu vaa unapopiga tupa, ila zivue unaposhika drili, kwani kitambaa hunaswa na biti inayozunguka.

Ukingo ulio wazi upake rangi, maana chuma tupu hushika kutu, au uvalishe mpira wenye mfereji. Ukichagua mpira, ongeza kipenyo kwa unene wake, na uhakikishe hausukumi fremu ya feni ikashindwa kulala sawa. Na wavu wa kufunika feni? Weka wa waya. Kutoboa vitundu mia vidogo badala ya duara moja huzuia hewa na kuongeza kelele, na kazi yake ya kupiga tupa haina mwisho.

Safisha kasha kwa brashi, kisha kwa kitambaa chenye unyevu, halafu pitisha sumaku kwenye pembe na mikunjo yote. Sumaku ikitoka na chembe, rudia. Kwa kasha la alumini sumaku haisaidii kitu, hivyo huko tegemea tepu ya kunata na macho yako.