Meno yangu ya Arusha na hii habari ya sumu kidogo

Juzi kwenye grupu letu la ukoo mjomba katurushia ile video inayozunguka, jamaa anaelezea kwamba sumu ikiwa kidogo inaimarisha mwili, kwa hiyo kagongo kamoja ka jioni ni dawa na sigara moja mbili wala hazina noma. Watu wakamwaga madole gumba kibao. Mi nikacheka peke yangu huku nimeziba mdomo, maana ndo ninavyocheka siku zote, meno yangu ni ya kahawia. Nimekulia Arumeru, chini ya Mlima Meru, wa huko mshanielewa.

Sasa niwe mkweli, jamaa wa video hajatunga yote. Hicho kitu kipo na kina jina kabisa, wanaita homesisi. Mwaka 1888 Mjerumani mmoja, Hugo Schulz, alikuwa anaiwekea hamira dawa za kuulia vijidudu, akaona dawa ikiwa nyingi hamira inakufa kama kawaida, ila ikiwa kidogo sana inachachua kuliko hata ile ambayo haijaguswa. Hilo jina lilikuja 1943, kuna Wamarekani wawili, Southam na Ehrlich, walikuwa wanajaribu maji ya mti wa mwerezi kwenye kuvu wa kuozesha mbao wakakuta mambo ni yale yale. Hata mazoezi yako hivyo, ukikimbia mwili unazalisha kemikali zinazoumiza seli, na hizo hizo ndo zinaushtua mwili ujijenge, ndo maana kuna utafiti wa Ujerumani wa 2009 vijana waliofanya mazoezi huku wanabugia vitamini C na E, ambazo zinazizima hizo kemikali, wakaambulia patupu kwenye ile faida ya mwili kutumia sukari vizuri wakati wenzao wasiomeza kitu waliipata. Kwa hiyo hapo sibishi.

Ninachobishia ni hilo neno "kidogo". Kidogo kiasi gani? Na kapima nani?

Nirudi kwenye meno. Meru ni volkano, maji yakipita kwenye yale mawe yanabeba madini ya floraidi, na visima na chemchemi nyingi za kule zinazidi kiwango cha WHO ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita, zingine zinazidi mara kadhaa. Maji ni masafi, yanang'aa, matamu, huwezi kuonja chochote. Ukiyanywa ukiwa mtoto, meno yakiwa bado yanaumbwa ndani ya fizi, ganda la jino linaharibikia huko huko, linatoka tayari lina madoa. Ukishavuka kama miaka minane tisa hayakuchafui tena, na ndo maana mwalimu wetu aliyehamia kutoka Tanga alikuwa na meno meupe pee na sisi tukaamini ni kwa sababu wao wanakula nazi. Na mtu ameshukuru kama imeishia kwenye meno tu, ikizidi sana inaingia kwenye mifupa, watoto wanapata matege. Mi nilivyoenda bweni Dar nilichekwa miaka minne, eti sipigi mswaki. Nilikuwa napiga mara tatu kwa siku jamani.

Halafu sikia hii. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alienda kufungua kazi Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji meno yao ya kahawia kama yangu. Hakuna aliyejua sababu. Kilichomshangaza ni kwamba yale meno mabaya hivyo hayakuwa yanatoboka ovyo. Alihangaika nayo miaka mpaka 1931 ndo mkemia wa kampuni ya aluminiamu, H. V. Churchill, akapima maji akakuta ni floraidi. Baada ya hapo daktari wa meno wa serikali ya Marekani, Trendley Dean, akazunguka kupima mji kwa mji, kujua ni kiasi gani kinalinda jino bila kulichafua, akaangukia kwenye kama miligramu 1 kwa lita, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuiweka kwenye maji ya bomba makusudi. Ndo hiyo hiyo iko kwenye dawa yako ya meno leo.

Angalia hapo lakini, moja inakulinda, moja na nusu unaambiwa usivuke. Kutoka kujua tatizo mpaka kujua "kidogo" ni ngapi watu walitumia zaidi ya miaka 30, wanapima. Sasa mjomba na gongo lake, lililopikwa kwenye pipa na mtu asiyejua ndani mna methanoli, ile pombe ya sumu, kiasi gani, yeye kapimia kwa kipimo gani, kibuyu? Na sio kila sumu ina hicho kidogo chake kizuri. Risasi, hii ya kwenye rangi na betri, haina kiwango salama, na pombe yenyewe WHO walishasema 2023 kwamba hakuna kiasi unachoweza kusema hiki hakidhuru kabisa. Nikaandika yote hayo kwenye grupu, mjomba kanijibu na emoji ya glasi.

Tatizo langu kubwa zaidi liko nyumbani. Mama bado anapikia makande magadi yale ya mabonge, na magadi nayo yana floraidi, na likizo hii wajukuu wako kwake, wa mwisho ana miaka mitatu. Nikampigia, nikamweleza taratibu, nikamwomba awapikie bila magadi na maji ya kunywa awanunulie. Kanisikiliza mpaka mwisho, mama yangu ana heshima. Halafu akauliza, "Baba, hebu niambie, wewe katika maisha yako umeshawahi kung'oa jino?"

Sijawahi. Hata kuziba, sijawahi.