Mwangaza wa baadaye si makaa yanayopoa

Mtangazaji mmoja wa redio hapa Nairobi amerudia tena juzi: baada ya mlipuko wa miale ya gama (mmweko mfupi wa nishati kali kutoka galaksi za mbali), mwangaza wa baadaye, yaani mwanga unaobaki ukimulika, ni "makaa yanayopoa". Sikubali. Mfano huo unaficha fizikia yote.

Makaa yakipoa hugeuka rangi, na hayaongezi mwanga bila kupepewa. Sasa tazama GRB 170817A, mlipuko wa Agosti 2017 uliotokana na nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa) zilizogongana katika galaksi ya NGC 4993. Eksirei zilionekana baada ya siku 9, mawimbi ya redio baada ya siku 16, kisha mwanga ukazidi kupanda kwa takribani miezi 5 kabla ya kushuka. Hakuna makaa ya namna hiyo.

Kinachong'aa ni mgongano. Mlipuko hurusha mkondo mwembamba wa maada kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, nao hukumba gesi iliyotanda njiani. Wimbi la mshtuko huzipa elektroni nishati kubwa mno, na elektroni hizo zikizunguka ndani ya uga wa sumaku hutoa mwanga wa sinkrotroni, kuanzia eksirei hadi redio. Mkondo ukienda kasi, tunaona kipande chake kidogo tu kilichotuelekea. Ukipungua kasi, kipande hicho hupanuka mpaka ukingo wa mkondo. Hapo mstari wa mchoro unaoonyesha mwanga kadiri muda unavyopita huvunjika: mwanga uliokuwa ukipungua kama mara 16 kila muda unapozidi mara 10, sasa hupungua mara 100 au zaidi, kwa eksirei na kwa mwanga wa kawaida wakati uleule. Wakati huo ndio unaotupa upana wa mkondo. Mkondo wa 2017 haukutuelekea, ndiyo maana mwanga wake ulichelewa kutufikia.

Nakiri jambo moja, kwa shingo upande: kilonova ya tukio hilohilo, mabaki yaliyopashwa joto na elementi nzito zenye mionzi, ilitoka buluu ikawa nyekundu ndani ya siku chache. Hayo yaitwe makaa. Ni kitu kingine.

Na inauma kwamba kosa hili linasemwa Kenya. BeppoSAX, setilaiti iliyonasa mwangaza wa baadaye wa kwanza tarehe 28 Februari 1997, ilishusha data zake Malindi. Swift nayo hushusha zake hapohapo. Tunaijua Uhuru, setilaiti ya eksirei iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi mwaka 1970, lakini haya hatuyataji.

Kwa wanafunzi wanaochora data hizi: mihimili yote miwili, wa muda na wa mwanga, iwe ya logi (kila hatua sawa ni kuzidisha mara 10). Hesabu muda tangu mlipuko ulipogunduliwa, si tangu picha yako ya kwanza, maana mteremko wote utapinda. Usichanganye picha za vichujio tofauti vya rangi kabla ya kuzisawazisha. Kisha ondoa mwanga wa galaksi ambamo mlipuko ulitokea. Ukiuacha, mstari utalala bapa mwishoni nawe utadhani mkondo umepata nishati mpya.