Asilimia 47 ya kura, asilimia 60 ya viti: Malaysia 2013 na hesabu ya mipaka yetu

Ukitaka kuzua ubishi katika baraza lolote la siasa, liwe la Kondele mjini Kisumu au la Nyayo Gardens mjini Nakuru, hapa Kenya, sema tu kwamba kuna nchi ambako muungano tawala ulipata asilimia 47 ya kura, upinzani ukapata karibu 51, na serikali ikabaki kwa wale wa 47. Kabla hujaitaja nchi yenyewe utakuwa umeshajibiwa: kura ziliibwa. Jibu hilo lina haraka. Nchi ni Malaysia, uchaguzi ni ule wa Mei 5, 2013, na sehemu kubwa ya kilichotokea haikuhitaji mtu kujaza sanduku usiku. Ilifanyika mchana, kwa kalamu na ramani, miaka mingi kabla ya kampeni.

Hesabu yenyewe ni hii. Bunge la Malaysia lina viti 222, na kila eneo bunge hutoa mshindi mmoja, anayeongoza kwa kura hata kama hajafika nusu. Barisan Nasional, muungano ulioundwa 1973 kutoka ule uliotawala tangu uhuru wa 1957, ulizoa viti 133 kwa asilimia 47.38 ya kura. Pakatan Rakyat, muungano wa upinzani wa Anwar Ibrahim, ilipata asilimia 50.87 lakini viti 89. Gawanya kura kwa viti: kila kiti cha Barisan kilisimama juu ya kura takriban 39,000, kila kiti cha Pakatan juu ya kura takriban 63,000. Najib Razak akaendelea kuwa waziri mkuu, kwa sababu kule waziri mkuu hatafuti kura za taifa zima. Anatafuta wabunge 112.

Upinzani ulilalamikia wino kwanza. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza wa Malaysia kutumia wino wa kidoleni, na wapigakura wengi walisema unatoka kwa sabuni. Yakafuata madai ya wapigakura hewa. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, hasa mahali ambapo ushindi ulikuwa mwembamba. Lakini hayaelezi pengo la kitaifa. Barisan ilikuwa nyuma kwa kura zipatazo 380,000. Mwizi wa kura anayeshinda huku amezidiwa kura ni mwizi wa ajabu. Kitu kingine ndicho kilichogeuza kura chache kuwa viti vingi, na kitu hicho kina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya: ukubwa usiolingana wa maeneo bunge, na kura zinazorundikana mahali pamoja.

Anza kwa kutenga majimbo ya kisiwa cha Borneo. Sabah, Sarawak na Labuan zina viti 57 kati ya 222, yaani zaidi ya robo, ilhali wapigakura wake walikuwa takriban asilimia 16 ya wote. Barisan ilipata 48 kati ya hivyo 57, upinzani 9. Sasa toa: ushindi wote wa Barisan ulikuwa wa viti 44 (133 kutoa 89), na kati ya hivyo 39 vilitoka Borneo. Kwenye rasi, yaani Malaysia ya upande wa Kuala Lumpur, matokeo yalikuwa 85 kwa 80.

Hapa ndipo mtetezi wa Barisan ana hoja nzito. Sabah na Sarawak ziliingia kwenye shirikisho 1963 kwa masharti, na uzito wa ziada bungeni ulikuwa mojawapo ya kinga dhidi ya kumezwa na rasi. Isitoshe, Barisan ilishinda huko kwa zaidi ya nusu ya kura. Huwezi kumwambia Msarawak kwamba kiti chake ni wizi kwa sababu tu mtu wa Selangor, kwenye rasi, ana mbunge mmoja kwa watu wengi zaidi. Hayo ndiyo maafikiano waliyojiunga nayo.

Lakini hoja hiyo haivuki bahari. Kwenye rasi hakuna mkataba wa 1963 wa kujificha nyuma yake, na bado aliyezidiwa kura aliongoza kwa viti. Mfano uliozungumzwa sana ni Kapar, jimboni Selangor, lililokuwa na wapigakura zaidi ya 144,000, na Putrajaya, lililokuwa na takriban 15,800. Tisa kwa moja. Kisingizio cha kawaida cha maeneo madogo ni kwamba mashambani ni mbali, barabara mbovu, mbunge hawezi kuwafikia watu. Putrajaya ni mji wa ofisi za serikali uliojengwa upya, barabara zake laini kuliko za Kapar. Barisan ilichukua Putrajaya, upinzani ukachukua Kapar, na bungeni kila kimoja kikahesabiwa kiti kimoja.

Tofauti hiyo ilijengwa hatua kwa hatua. Katiba ya 1957 iliweka kikomo: eneo bunge lisipishane na wastani kwa zaidi ya asilimia 15. Mwaka 1962 ikarekebishwa ili eneo la mashambani liweze kuwa na nusu ya wapigakura wa eneo la mjini. Mwaka 1973 kikomo cha tarakimu kikaondolewa kabisa, yakabaki maneno kwamba maeneo yawe "takriban sawa" huku mashambani pakipewa uzito. Tume isiyo na tarakimu ya kuizuia hufika popote inapotaka, na mahakama haina rula ya kuipimia.

Sehemu ya pili, ile ya kura kurundikana, haina mchoraji wa kulaumiwa peke yake. Katika Seputeh, Kuala Lumpur, mgombea wa upinzani alishinda kwa pengo la kura zaidi ya 50,000. Kura hizo za ziada hazikumsaidia mwenzake yeyote wa vijijini. Chama chenye nguvu mijini huumia hivi hata mipaka ikiwa ya haki, na kwa upande huu upinzani ulipaswa kujilaumu: ulishindwa kuingia vijiji vya Wamalay vya kutosha. Ni kweli serikali iliingia huko na ruzuku ya ringgit 500 kwa kila kaya yenye kipato kidogo. Lakini kuhonga kwa sera ni ugonjwa wa kila serikali iliyo madarakani. Hata sisi tunaujua.

Ukuta huo wa mipaka ni mrefu kiasi gani? Uchaguzi wa Mei 9, 2018 ulitoa kipimo. Bunge lilipitisha mipaka mipya wiki chache kabla, na wakosoaji wakasema imezidi kuwapendelea watawala. Eneo la Bangi liliingia kwenye uchaguzi likiwa na wapigakura zaidi ya 178,000. Bado Barisan ilianguka hadi viti 79, kwa sababu kura zake zilishuka hadi karibu asilimia 34, na chama cha PAS, kilichosimama kivyake, kiliwanyang'anya viti vya vijijini. Wanaosema mipaka haina maana kwa kuwa Barisan ilishindwa hatimaye wanasahau kipindi kizima cha miaka mitano kilichotangulia. Ukuta uliweza kuziba pengo la asilimia tatu na nusu za kura. Usingeweza kuziba kuporomoka kwa asilimia 13.

Sisi hatuko mbali na hesabu hizi. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura, na KANU ikapata viti 100 kati ya 188. Katiba ya 2010 ilijaribu kufunga mlango huo kwa kuweka tarakimu ambazo Malaysia ilizifuta. Kifungu cha 89 kinasema maeneo bunge ni 290. Gawanya idadi ya watu kwa 290 upate kiwango wastani. Eneo lolote lisizidi wala kupungukiwa na kiwango hicho kwa zaidi ya asilimia 30, isipokuwa majiji na maeneo yenye watu wachache, yanayoruhusiwa 40. Kumbuka tofauti moja: Malaysia huhesabu wapigakura, sisi huhesabu watu, watoto wakiwemo.

Kwa sensa ya 2019 yenye watu 47,564,296, wastani ni 164,015. Kwa hiyo eneo la kawaida linapaswa kuwa kati ya watu 114,810 na 213,219. Chukua sasa kaunti ndogo, ambazo kwa sehemu kubwa zinaendana na maeneo bunge, uone yanayotokea ndani ya Kaunti ya Nakuru peke yake. Naivasha ina watu 355,383. Njoro 238,773. Subukia 85,164. Naivasha na Subukia ni kaunti moja, gavana mmoja, na uwiano wao ni zaidi ya nne kwa moja. Si suala la ngome ya huyu dhidi ya ngome ya yule. Ni mji wa mashamba ya maua uliofura huku ramani ikibaki ilivyokuwa 2012. Kwa jumla Nakuru ina maeneo 11, na hesabu tupu ingeipa 13. Kisumu, yenye saba, imekaa karibu kabisa na wastani. Kwao ubishi huu ni wa kutazama.

Magharibi mambo yamegeuka upande. Budalang'i na Vihiga ni kati ya maeneo 27 yaliyokuwa chini ya kiwango mwaka 2012 yakaachwa kwa sababu Katiba ilizuia mapitio yale ya kwanza kufuta eneo lililokuwepo. Bunyala, yaani Budalang'i, ilikuwa na watu 85,977 mwaka 2019. Vihiga, kaunti ndogo, 95,292. Ongeza Emuhaya yenye 97,141 na Luanda yenye 106,694, na maeneo matatu kati ya matano ya Kaunti ya Vihiga yako chini ya mstari. Hoja ya "eneo pana, watu wachache" haifiki hapa: kaunti hiyo ina zaidi ya watu 1,000 kwa kilomita mraba. Ni Putrajaya ya mahindi na migomba.

Je, yaunganishwe? Emuhaya na Luanda ni rahisi kwenye karatasi: pamoja ni 203,835, ndani ya kikomo, na Luanda ilikatwa kutoka Emuhaya 2012 tu. Budalang'i na Samia pamoja ni 193,153, nayo inapita. Ila kwenye kifungu hicho hicho cha 89 tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) inaambiwa izingatie jiografia, historia na uhusiano wa kijamii. Budalang'i ni bonde la mafuriko ya Mto Nzoia. Mbunge wake kazi yake nusu ni kupigania kuta za mto. Ukimpa pia milima ya Samia, anayeishi kando ya maji anajua atakuwa wa pili kwenye foleni. Hoja hiyo ni ya kweli, na inafanana sana na ya Msarawak.

Eneo bunge la Vihiga lenyewe ndilo kichwa cha kuuma. Linahitaji watu 19,518 kufika kiwango cha chini. Ukiwachota Sabatia, yenye 131,628, Sabatia nayo inaanguka, kwa sababu ina akiba ya watu 16,818 tu. Ukiunganisha Vihiga na Sabatia nzima unapata 226,920, umevuka juu. Inabaki kuchota wadi kutoka Hamisi, ambako wengi ni Watiriki, na kuziweka chini ya mbunge wa Wamaragoli. Mwenye kudhani hilo litapita kimya hajawahi kukaa kwenye kikao cha maoni ya mipaka. Na kwa kuwa 290 ni idadi iliyofungwa kwenye Katiba, Nakuru haiwezi kuongezewa viwili bila mahali pengine kupoteza viwili. BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba, ilijaribu kukwepa machungu hayo kwa kuongeza maeneo 70 bila kufuta lolote. Mahakama ya Juu ikayakataa Machi 2022 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa.

Kuna wanaosema kwetu jambo hili ni dogo kwa kuwa rais huchaguliwa moja kwa moja, kila kura nchini ikiwa na uzito mmoja. Ni kweli kwamba kilichotokea Malaysia hakiwezi kutokea Ikulu yetu kwa njia ile ile. Lakini baada ya 2022 pande mbili bungeni zilikaribiana hata swali la nani ana wengi likafika Mahakama Kuu. Katika Bunge la namna hiyo, viti viwili vya Nakuru si dagaa. Kisha kuna pesa. Mgao wa NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, kwa sehemu kubwa umekuwa ukigawanywa sawa kwa kila eneo bunge. Kila eneo likipewa shilingi milioni 100, Naivasha hupata shilingi 281 kwa kila mkazi na Subukia 1,174. Mzazi wa Naivasha anayeambiwa basari imeisha hajaibiwa na mtu. Amegawiwa kwa ramani.

Mimi naona kinga ya Budalang'i inaweza kutetewa kwa hoja, na ile ya Emuhaya na Luanda haiwezi. Hizi hazifai kuwekwa kapu moja. Kikomo cha asilimia 30 kina faida moja ambayo Malaysia iliitupa 1973: mwananchi anaweza kwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30 baada ya mipaka kuchapishwa kwenye Gazeti Rasmi, akiwa na tarakimu mkononi, na mahakama ina miezi mitatu kuamua.

Tatizo ni saa. Mapitio yalipaswa kufanyika ndani ya miaka 12 tangu Machi 2012. Machi 2024 ilipita tume ikiwa haina makamishna, nafasi zilizokaa wazi tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Na Kifungu cha 89 kinaongeza kwamba mipaka iliyokamilishwa chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu haitumiki kwenye uchaguzi huo. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Mapitio yakikamilika baada ya Agosti 10, 2026, Naivasha na Subukia zitaingia debeni na ramani ile ile ya 2012, mbunge mmoja kila moja.