Sadaka ya Rockefeller na kinywa cha kanisa

Kumwita John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta wa Marekani, mnafiki ni rahisi mno. Tangu ajira yake ya kwanza mjini Cleveland mwaka 1855, akiwa na miaka 16, aliandika daftarini kila senti aliyoitoa kanisani. Hakunywa pombe, alifundisha shule ya Jumapili kwa Wabaptisti, na aliamini kwa dhati kwamba utajiri wake wa mafuta alikabidhiwa na Mungu. Kwa hiyo mabishano yaliyozuka Marekani mwaka 1905 hayakuhusu kama anasali kweli. Yalihusu kama kanisa lipokee sadaka yake.

Bodi ya misheni ya Wakongregeshenali, dhehebu la Kiprotestanti, yenye makao Boston, ilikuwa imepata kwake dola 100,000. Mchungaji Washington Gladden wa Columbus, Ohio, akapinga. Wanaomsimulia humchora kama mzee wa kujitakasa, anayeogopa noti isije ikamchafua mikono. Hawamtendei haki.

Tazama alichokuwa akikitazama. Mwaka 1872 Rockefeller na wasafishaji wenzake wachache walifunga mkataba wa siri na makampuni ya reli, kwa jina la South Improvement Company. Nauli ya pipa la mafuta ghafi kutoka visima vya Pennsylvania hadi New York ingekuwa dola 2.56, na wao wangerudishiwa 1.06. Hadi hapo ni punguzo la mteja mkubwa, na mfanyabiashara gani haliombi? Lakini kwa kila pipa la mshindani pia, reli ingewapa wao 1.06. Yaani mtu wa Titusville, kwenye visima hivyo vya Pennsylvania, anasafirisha mafuta yake, analipa nauli kamili, na sehemu mbili katika tano za nauli hiyo zinaingia mfukoni mwa anayetaka kumfilisi. Kadiri anavyouza zaidi ndivyo anavyomnenepesha adui yake. Sioni humo ustadi wa kusafisha mafuta wala ule ubanaji wa matumizi ambao Rockefeller aliusifu sana.

Ni kweli kwamba wachimbaji walichachamaa na mkataba ukafa kabla ya kutumika. Tishio lilikwisha kufanya kazi, hata hivyo: katika wiki chache za mwaka huohuo Rockefeller alinunua viwanda 22 kati ya 26 vya washindani wake Cleveland. Waliokubali hisa za kampuni yake, Standard Oil, badala ya fedha taslimu, tukiri, walitajirika.

Upande wa pili una uzito wake. Upo Chuo Kikuu cha Chicago, kilichoanzishwa kwa fedha zake, na fedha za Wakfu wa Rockefeller zilifika hadi kwetu miaka ya 1960, zikasaidia Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mgonjwa hamuulizi daktari mshahara wake umetoka kisima gani. Tena kanisa likikataa sadaka za wenye dhambi, litapokea za nani?

Hapo huletwa Zakayo, mtoza ushuru tajiri wa Injili ya Luka. Lakini Zakayo hakuishia kuwapa maskini nusu ya mali yake. Aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Rockefeller alitoa mamilioni bila kukiri kwamba yupo wa kurudishiwa. Imani yake na tamaa yake havikugombana, na hilo linanitisha kuliko unafiki.

Gladden hakudai dola zina najisi ya kuambukiza. Alihofia mimbari: ukishamshukuru mtu hadharani kwa jina la Kristo, utamkemea kwa sauti gani? Na huo ulikuwa wakati wa kukemea, kwani mwandishi wa habari Ida Tarbell ndiyo kwanza ametoka kuzianika mbinu za Standard Oil katika jarida la McClure's.

Kisha ikabainika kwamba Bodi haikuletewa fedha zile. Iliziomba kwa barua, halafu ikanyamaza huku mtoaji akishambuliwa. Wengine waliona Gladden ameumbuka. Mimi naona hoja yake ilithibitika, maana kinywa kilikwisha kufungwa hata kuhusu barua za Bodi yenyewe. Septemba, mkutanoni Seattle, alipendekeza azimio kwamba Bodi isiwaombe fedha watu waliochuma kwa dhuluma. Hakudai hata wakatae wanacholetewa, ila wasiombe. Mkutano haukulipitisha.