Gari yangu haijatoka nyumbani tangu mwaka jana

Kama kuna mtu hapa Malindi anatafuta gari ya mwaka 1996 yenye kilomita 187,432 na ambayo haijaongeza hata kilomita moja tangu Ramadhani ya mwaka jana, mimi ninayo. Kila siku inatoka Barani mpaka sokoni, sokoni mpaka Watamu, jioni ikirudi mita inasema haijaenda popote. Mke wangu naye ameshaanza, we baba Swafiya, hayo mafuta unayotia kila siku yanaenda wapi na gari yenyewe inasema imelala? Utamjibu nini mtu kama huyo na ushahidi anao machoni.

Ilianza na mshale wa spidi. Ulikuwa unatetemeka kama mwenye malaria, ukifika hamsini unaanguka sifuri, ukijiskia unaruka mpaka mia na ishirini na mimi hapo niko nyuma ya mkokoteni wa punda wala punda mwenyewe hana haraka. Dawa ilikuwa kofi. Dashibodi ukiizaba kofi moja unafika Gede mshale umeshika, mawili unafika Kilifi. Shemeji yangu tukisafiri anakaa mbele kwa kazi hiyo tu, yeye anapiga mimi nashika usukani. Halafu siku moja tukapiga mpaka mikono ikawasha, mshale ukalala sifuri na kilomita zikaganda hapo hapo.

Basi nikajifunza kuendesha kwa masikio. Arobaini, kioo cha kushoto kinaanza kuimba. Sitini, kile kisanduku cha mbele kinafunguka chenyewe na karatasi zinamwagikia abiria mapajani. Themanini sijui kunatokea nini kwa sababu hapo huwa nimefumba jicho moja nasoma dua. Na tuktuk ikinipita najua niko chini ya kila kitu. Mambo yalikwenda, lakini mjini mwisho ni hamsini na wale jamaa wenye kitochi cha spidi wanajua kujificha, na huwezi kumwambia afande wallahi kisanduku kilikuwa bado hakijafunguka.

Halafu dashibodi yote ikapandwa na mashetani. Natia indiketa ya kulia, mshale wa joto unapanda mpaka kwenye nyekundu. Nakanyaga breki, taa ya betri inawaka. Napiga honi, tangi la mafuta linajaa! Ingekuwa kweli ningepiga honi mpaka Garissa. Usiku nikiwasha taa kubwa kila kitu ndani kinafifia kama nyumba ya matanga.

Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua, akasema hiyo ni sensa ya spidi, ile inayokaa kwenye gia boksi. Magari ya zamani kabisa yana waya unaozunguka ndani ya mpira kutoka gia boksi mpaka kwenye mita, haya yetu ya katikati yana sensa, yenyewe inahesabu mizunguko na kupeleka habari kwa umeme. Kwa maelezo hakuwa mwongo, na sensa ikawa elfu tatu na mia tano. Mshale peke yake ukaamka siku mbili, ya tatu ukalala. Fundi wa pili akasema bwanangu tuitoe dashibodi nzima tutie nyengine ya mtumba. Tukatia. Sasa ikawa gari imetembea kilomita 94,000, yaani imerudi ujanani mimi nazeeka peke yangu, lakini indiketa kulia, joto juu vile vile. Nikairudisha yangu, pesa hazikurudi.

Mwisho nikapelekwa kwa mzee mmoja fundi waya, makamo ya babangu, amekaa na kikombe chake cha kahawa chungu. Hakuuliza gari ina nini, aliniuliza, ukitia indiketa ni kitu gani chengine kinaruka? Nikamhesabia vituko vyote mpaka vya honi. Akacheka, akasema mwanangu, wewe unanunulia gari macho na kumbe inaumwa mguu. Hiyo ni athi, waya wa kurudishia umeme.

Akanieleza kwamba umeme ukishafanya kazi yake lazima upate njia ya kurudi kwenye bodi ya gari, na umeme ni kama maji ya mvua, ukiziba mtaro yatapitia sebuleni kwa jirani. Yale ya indiketa yakikosa njia yanarudi kupitia kwenye joto, ya honi yanapitia kwenye mafuta. Mita haina makosa, ni msongamano tu. Akaingiza kichwa chini ya usukani miguu ikabaki nje, akatoka na bolti moja imeota kutu, waya wake umegeuka kijani kama mwani. Akaniuliza unalaza wapi gari? Nikamwambia karibu na ufuo, vioo wazi, ipate upepo. Akaniangalia, akanyamaza, akapiga msasa, akakaza, akapaka grisi kidogo. Robo saa. Shilingi mia tano.

Tukaenda kuijaribu barabara ya Mambrui. Mshale ukapanda taratibu kama bi harusi anaingia ukumbini, kilomita ikawa 187,433, mimi machozi karibu. Sasa kioo kikaanza kuimba, nikatazama, sabini na tano! Kumbe ndio maana mama mkwe tangu mwaka jana anasema bora apande matatu.

Nilikuwa bado namshukuru mzee, mkono wake ukaenda pembeni ya dashibodi akakwaruza kitu kwa ukucha. Kipande cha tepu nyeusi, amekibandika huyo aliyeniuzia, nyuma yake taa ya injini inawaka rangi ya chungwa kama jua la magharibi, na inaonekana imekuwa ikiwaka tangu siku naihesabia pesa. Mzee akasema, hii nayo ni habari nyengine, ya leo umelipa ya athi.

Nikamwambia sawa mzee, lakini hiyo tepu usiitupe, hebu nipe.