Kopo Moja la Maji

Nikipiga mswaki nafunga bomba. Nikinawa uso nakinga maji kwenye kopo kwanza, kisha nayatumia kwa kiganja, kidogo kidogo, mpaka yaishe. Miaka niliyoishi na maji ya bomba ni mingi kuliko ile ya kijijini, lakini mkono wangu bado hauamini kwamba kesho yatakuwepo.

Juzijuzi mwanangu alinikuta nikimimina maji ya kusuzia nguo kwenye ndoo.

"Baba, hayo maji machafu unayaweka ya nini?"

"Ya kudekia."

"Si ufungue tu bomba?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa, na sikuwa na la kumjibu hapo hapo. Swali lake limenizunguka kichwani wiki nzima.

Nilianza kuchota maji nikiwa na miaka saba hivi, kwa dumu la lita 5. Dada yangu alibeba lita 20 akiwa na miaka 12. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo alitwika kilo 20 bila kuhesabu chombo chenyewe, akapanda nazo kutoka mtoni, mteremko wa asubuhi ukiwa umegeuka mlima. Mtoto wa umri ule hufikia kilo 35 au 40 akiwa ameshiba vizuri. Nusu ya mwili wake ilikuwa kichwani, juu ya ngata ya kitambaa cha zamani, na shingo imenyooka kama mti.

Kabla ya kujitwika alichuma majani mapana, akayalaza juu ya maji. Nilidhani ni pambo. Nilipopewa ndoo isiyo na kifuniko ndipo nilipoelewa: kila hatua inayasukuma maji, yakaenda na kurudi, na yakishapata mdundo wa miguu yako yanapanda ukingoni na kukumwagikia mgongoni. Majani yanalivunja wimbi kabla halijakua. Hatukuwa na maneno ya kulieleza hilo, ila tulijua kwamba asiyeweka majani anafika nyumbani amelowa, na ndoo imepungua vidole vitatu. Vidole vitatu ni maji ya mtu mmoja kunawa.

Kwa sababu yalifika kwa shingo, maji hayo hayakumwagwa hivi hivi. Ya suzo la mwisho la vyombo ndiyo yaliyoanza kuoshea vyombo vya jioni. Ya kufulia yaliosha miguu, kisha yakafagilia ua ili vumbi litulie. Yalifanya kazi tatu kabla ardhi haijayanywa. Ya kunywa tu ndiyo yaliyokaa peke yake, ndani ya mtungi, pembeni pasipofika jua. Bibi hakufunua mtungi kuangalia kilichobaki. Aliupapasa kwa nje kutoka juu kushuka chini, na mahali ubaridi ulipoanzia ndipo maji yalipoishia. Udongo wa mtungi una vitundu vidogo mno. Maji hupenya hadi nje, hugeuka mvuke, na yanapoondoka huchukua joto. Bibi aliyajua hayo kwa kiganja chake. Mimi niliyakuta kitabuni baadaye sana, na nilipoyasoma nilihisi ubaridi ule mkononi.

Halafu kulikuwa na usiku wa mvua. Ikigonga bati hakuna aliyeamshwa, wote tulikuwa tumeshashuka kitandani. Sufuria, ndoo, beseni, kila chenye tumbo kilipangwa upenuni. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, linashusha lita 400, japo nyingine hurukia pembeni na kupotea. Hizo ni ndoo 20 za dada. Asubuhi ya mvua kama hiyo alilala hadi jua litoke, na nyumba nzima ikatembea kwa kunyata.

Nasimulia haya kwa mapenzi, lakini sikubaliani na wanaokisifu kijiji cha utotoni kana kwamba shida ilikuwa zawadi. Mimi nilikuwa mvulana. Nikishaleta dumu langu moja niliruhusiwa kwenda kucheza. Dada alirudi mtoni mara ya pili, wakati mwingine ya tatu, kisha akakimbia shule na kukuta lango limefungwa. Aliadhibiwa kwa kuchelewa na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Nilikuwa nimeshakaa darasani nikimwona dirishani amepiga magoti, miguu bado ina tope la mtoni, na sikusema kitu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Wala halikuwa la nyumba yetu peke yake. Mwaka 2016 UNICEF ilikadiria kwamba wanawake na wasichana duniani hutumia saa milioni 200 kila siku kuteka maji. Ripoti yake ya pamoja na Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilisema watu bilioni 1.8 wanaishi katika kaya zisizo na maji nyumbani, na katika kaya 7 kati ya 10 za namna hiyo kazi ya kuyafuata ni ya wanawake na wasichana. Kwa hiyo mtu akiniambia watoto wa siku hizi wamedekezwa na bomba, namjibu kwamba bomba ni jambo jema, na kila nyumba isiyo nalo inastahili kulipata. Sitamani mtoto yeyote apande mlima ule.

Ninachotaka kibaki ni mkono wenyewe, ule unaofunga bomba bila kuambiwa. Na hapa ndipo ninapopata taabu, maana mkono ule haukufundishwa kwa maneno. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijaribu kuzoea jambo dogo jipya la kila siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Ilichukua kama siku 66 kwa wastani jambo kufanyika bila kulifikiria. Wa haraka siku 18, na kwa wa polepole makadirio yalifika siku 254. Mimi niliteka maji kila siku kwa miaka tisa. Nikisikia maji yanatiririka bure, mwili unasimama kabla ya akili, kama mtu aliyeitwa jina lake. Mwanangu akisikia sauti hiyo hiyo, haimwiti.

Nimemhubiria. Nimemwambia maji ni uhai, naye anaitikia "sawa baba" huku bomba likiendelea. Simlaumu. Hajawahi kuyapima kwa mwili wake. Kwake maji ni kitu kinachotoka ukutani.

Jumamosi nikaacha maneno. Nikaweka ndoo chini ya bomba, nikamwomba apige mswaki kama kawaida yake, bila kujizuia. Alipomaliza, ndoo ilikuwa imevuka nusu. Sikusema lolote kuhusu kupoteza. Nilimwomba tu aibebe hadi kwenye miche iliyo nyuma ya nyumba, ainyweshe. Ni hatua chache, tambarare, hakuna mlima. Aliishika kwa mikono miwili, akasimama mara tatu njiani, akabadilisha mkono, akatazama viganja vyake vilivyopigwa mstari mwekundu na kishikio. Jioni nikasikia bomba linafungwa katikati ya mswaki. Jumapili halikufungwa. Jumatatu lilifungwa. Nahesabu siku, na sina haraka.

Usiku wa Jumamosi ile nilimpigia dada, nikamwamkia, nikamsimulia yote. Nilimweleza pia kuhusu lango la shule na dirisha, jambo ambalo hatujawahi kulizungumza kwa miaka yote hii. Alinyamaza kidogo. Akaniambia alikuwa ananiona pale dirishani, na kwamba alichoombea ni nisitoke, nisije nikaadhibiwa na mimi.

Kisha akarudi kwa mwanangu.

"Alimwaga njiani?"

"Kidogo. Alilowa miguu."

"Mdogo wangu," akasema, "kwani hukumwekea majani?"